Taa za Corinne

Kwa akina Hruska, pale Youngstown, Marekani, taa zilikuwa na mwenyewe. Corinne alipokuwa mdogo, mama yake Loretta aliwapigia kelele wageni: "Jamani, zimeni taa za Corinne!" Mtoto akavimba kichwa. Wenzake walikuwa na baiskeli, yeye ana taa za nyumba nzima! Hakuna aliyemwambia kwamba mama alishakatiwa umeme kwa madeni, jina lake halikopesheki hata kiberiti, ndipo akaandikisha umeme kwa jina la bintiye.

Sasa Corinne ana miaka ishirini, na amebakiza mwaka mmoja tu awe mpiga picha za eksirei. Mkopo wa serikali umemwishia, na ada inatakiwa Ijumaa. Kampuni binafsi ya kwanza ilidai mdhamini. Baba alishakufa, na mama ndiyo hivyo tena. Akamwendea mjomba Stan.

"Mdhamini? Mimi?" Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu, nilimdhamini rafiki yangu akanunua lori. Leo yeye yuko Florida na lori, mimi niko hapa nangoja basi."

Basi akaomba kwenye kampuni isiyotaka mdhamini, inayotazama alama zako tu, yaani umelipaje madeni yako tangu uanze kukopa. Corinne hakuwa na wasiwasi, maana hakuwahi kukopa hata senti. Jumatano mchana, akiwa chuoni, simu ikaita.

"Pole, bibi Hruska," alisema karani. "Alama zako ziko chini mno. Una deni la umeme la miaka sita."

"Miaka sita? Nilikuwa na miaka kumi na minne!"

"Basi kuna mtu alitumia jina lako. Nenda polisi ukamtaje, utuletee hati yao, deni litafutwa. Unamjua?"

Corinne alimjua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ndiye aliyemvisha hizo nguo tangu alipozaliwa.

Alimkuta mama yake jikoni anakaanga kabichi na tambi. Maisie, mdogo wake wa miaka sita, alikuwa mezani anachora.

"Mama, ulitumia jina langu."

Loretta hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Kumbe hata hukatai!"

"Nikatae nini? Mtaa mzima ulifanya hivyo. Umeme wa Brenda uko kwa jina la kitoto kinachonyonya! Nilidhani nitalipa, Corinne. Kiwanda kikafungwa, baba yako akalala kitandani asiamke. Na wewe pumu ilikuwa inakumaliza. Ile mashine ya kukuvutisha dawa, ulidhani inakula kuni?"

"Ungeniambia!"

"Nikwambie nini, mwanangu? Kwamba nimekuweka rehani kwa ajili ya balbu?" Akazima jiko. "Nenda polisi ukanitaje. Sitakulaumu."

Na angekwenda, nisiwafiche. Koti alishalivaa. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango Maisie alipoita.

"Corinne! Ukitoka zima ya ukumbini. Hizo taa zangu."

Corinne akageuka taratibu. "Umesemaje?"

"Taa zangu. Mama kasema." Na katoto kakavimba kichwa.

Corinne akamtazama mama yake. Loretta alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, machozi yanamtoka.

Hapo Corinne akaketi na koti lake. Akimtaja mama, polisi watamchukua, na Maisie atalelewa na watu asiowajua. Akinyamaza, miaka kumi na minne ijayo Maisie naye atapigiwa simu na karani.

Asubuhi akaipigia kampuni ya umeme. "Nataka umeme wa nyumbani uhamie kwa jina langu."

"Jina lako lina deni. Lipa hilo kwanza, pamoja na lililo kwenye jina la sasa, halafu uweke amana."

Akiba yote aliyojiwekea kwa ajili ya chuo ikaenda hapo. Loretta alimshika mkono. "Usifanye hivyo, mwanangu. Ni shule yako hiyo."

"Jina langu limeshaoza, mama," Corinne akasema. "La Maisie bado bichi. Na ukiligusa tena, polisi nitakwenda kweli."

Ijumaa, Maisie alirudi kutoka shule akamkuta dada yake nyumbani, saa ambayo angekuwa darasani. Corinne akampakata, akamweleza polepole kwamba taa si zake tena.

Mtoto akamtoka mapajani kwa kilio. "Mwizi!" akapiga kelele. "Mama, mwambie Corinne anirudishie taa zangu! Ni mwizi!"

Loretta alisimama pale pale na mwiko mkononi. Hakuweza kumwambia mtoto anyamaze.