Redio na Dada Yake

Chwaaa! Kimya. Kisha chwaaa! tena, ndefu kuliko ya kwanza.

Kijana aliinuka kitandani akabandika sikio ukutani. Moyo ulimruka kwa furaha, maana alidhani dada yake anachana kitambaa, na fundi anayechana kitambaa ni fundi aliyerudi kazini. Wiki ya tano hii cherehani ya upande wa pili wa ukuta ilikuwa bubu kila alipokuwapo nyumbani. Akitoka, inaimba, akikanyaga tu kizingiti, inakata. Na yeye, mtunzi aliyejifunza mizani bila mwalimu, nyimbo zake zote alizitunga kwa mwendo wa cherehani ile. Ilipokaa kimya, kalamu nayo ilikauka.

Chwaaa! La, kitambaa hakilii hivyo. Ule ulikuwa utepe wa gundi, wa kufungia maboksi. Dada anahama.

Chanzo kilikuwa wimbo alioutunga yeye. Wimbo wenyewe, tuseme kweli, ulikuwa mzuri kupindukia. Ulisimulia habari za mama mgonjwa anayemwita bintiye, na binti anayejipamba na kwenda zake. Anaporudi, anakuta watu wamejaa mlangoni. Madereva waliusikia redioni wakaegesha magari pembeni. Wanaume wazima waliwapigia simu mama zao.

Mama kaita kwa shida, bintiye hakuitika,
Na gauni la manjano, mlangoni akatoka.

Jina la dada hakulitia. Mtaa aliubadili, ugonjwa aliubadili, hata idadi ya watoto aliibadili. Gauni nalo alijaribu. Aliandika "la kijani". Mizani ikatimia, kina hakikuguswa, lakini ubeti ukafa papo hapo. Lile la kijani halikuonekana. La manjano lilionekana, kwa sababu yeye mwenyewe aliliona, akiwa na miaka minane, likipotea nyuma ya mlango huku mama akihema. Akalirudisha. Mtunzi gani angeitupa rangi kama ile? Akasahau kwamba picha ya dada ndani ya gauni hilo hilo, kazi ya kwanza ya mikono yake, ilitundikwa juu ya kioo cha wateja.

Wateja si vipofu. Wawili walimuuliza dada kwa mdomo. Waliobaki waliuliza kwa kuchukua vitambaa vyao na kutorudi.

Mtaa nao ulimgeukia mtunzi, ukampachika jina Redio. Jana tu kinyozi alipomwona akipita, aliinua mashine kutoka kichwani mwa mteja akasema, "Shh! Redio hiyo. Mwenye siri yake aimeze, asije akarushwa hewani." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kweli, na kunyamaza kule kukamuuma kuliko kicheko. Zamani walimwita wenyewe: njoo nikupe kisa. Sasa akikaa kwenye benchi, benchi linabaki lake peke yake. Wimbo wake unatoka kila dirisha, na yeye hana wa kumwambia habari za asubuhi.

Alivaa shati akatoka ukumbini. Mlango wa dada ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa imekwisha kufungwa kamba, na mwenye mkokoteni akipima boksi kwa macho.

"Hodi, dada."

"Umekuja kuchukua ubeti mwingine?"

"Unahamia wapi?"

"Nikikuambia, kesho nitausikia mtaa wangu hewani."

Mwenye mkokoteni aligeuka. "Kumbe Redio mwenyewe ndiye huyu? Mbona sauti ni nene, mtu mwembamba hivi!"

"Tusubiri nje kidogo, kaka," dada alimwambia. Mwenye mkokoteni akatoka.

"Nitaurekebisha," kijana alisema haraka. "Nitaongeza ubeti, niseme mbele ya watu kwamba niliongopa."

"Uniimbe mara ya pili? Ahsante sana. Wimbo ukishatoka hauna mkia wa kuukamata. Na hukuongopa, mdogo wangu. Ungeongopa ningekuzaba kibao, yakaisha. Ulisema ulichokiona. Miaka kumi na sita tunakaa ukuta mmoja. Unaniomba chai, unaniomba uzi. Hata siku moja hujaniuliza nilikuwa nakwenda wapi."

Yeye, aliyewahoji madereva, wajane na walinzi wa maghala, huyu mmoja hakumuuliza. Alidhani anajua, tena alidhani amekwisha kumsamehe, na msamaha ule ulimpa fahari.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Dada aliketi juu ya boksi. "Mama ndiye aliyenivalisha lile gauni. Vidole vilimtetemeka, kifungo kimoja kilimtoa jasho. Akaniambia neno moja. Kisha akasema nitoke, nisigeuke, hata akiniita."

Hata akiniita. Nywele zilimsimama kijana. Mistari miwili mizima ilimjia yenyewe, imejipanga na vina vyake, mizuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Na mkono wake wa kulia, bila kumwomba ruhusa, ukaenda mfukoni penye kalamu.

Dada aliuona. Hakupaza sauti.

"Unaona? Mkono wako una njaa kuliko wewe."

Akautoa mtupu, uso ukimwaka.

"Neno lile sijamwambia mtu," dada alisema. "Nalibeba peke yangu tangu nina miaka kumi na saba, na limenichosha. Nataka kumpa ndugu yangu nusu ya mzigo. Redio simpi kitu. Sasa niambie, ni yupi kati yenu aliyesimama hapa? Kama ni Redio, nisaidie kubeba boksi, tuagane, na usinitafute."

Nje mwenye mkokoteni alikohoa. Kijana alielewa anachoombwa. Wimbo wa neno lile ndio ungekuwa wimbo wa maisha yake. Bila huo huenda akabaki mtu wa wimbo mmoja, tena ule wa dhuluma. Kiburi kilimpanda hadi kooni. Alimtazama dada yake, akaona mvi mbili juu ya sikio ambazo hakuwa amezijua, akaketi sakafuni mbele yake.

"Sitaliimba, dada," alisema kwa sauti. "Sitaliandika, wala sitalinong'ona peke yangu chumbani. Likinikaba, na linikabe."