Sauti Iliyokuwa Ndani ya Kontena

Gari lililombeba Jeanine lilikuwa limeshapita Kisinga, linakwenda Bwera mpakani, wakati Syahuka ameinamia kompyuta yake kule Kasese. Mama yake Jeanine, Alisi, alifia Butembo, Kongo, juzi. Binti anawahi maziko.

"Kaka Syahuka," alimwambia wakiagana, "wadogo zangu watanifukuza mulangoni. Wanasema mama alikufa na hasira juu yangu, sababu nilitoroka na mvuvi wa Hamukungu. Sauti yake ifunguke, basi."

Syahuka ana tovuti ya kuhifadhi maneno ya wazee wa pande zote mbili za mpaka. Mwezi uliopita Alisi alikuja Kasese kutibiwa, akaomba amuachie Jeanine neno. Syahuka akawasha kinasa sauti, akatoka nje kwa heshima. Mama alipomaliza akasema, "Wasikie wote pamoja. Mutoto mumoja asisikie peke yake." Jeanine akatii, hakusikiliza.

Sasa tovuti inakwama, na kule Kongo mtandao ni dhaifu. Syahuka alikuwa na programu mpya, nyepesi. Programu zake hukaa kwenye kontena, yaani sanduku lililofungwa na kila kitu ndani, analolipandisha kwenye seva ya kukodi ng'ambo.

"Umetoa nakala?" aliuliza Tonny, mwenzake wa meza ya pili.

"Ya nini? Nabadilisha programu tu. Sauti ziko kwenye seva."

"Haya, afande, toa amri!"

Akasimamisha kontena la zamani, akalifuta, akapandisha jipya. Tovuti ikafunguka chapuchapu, Tonny akapiga makofi. Syahuka akagusa ukurasa wa sauti. Mtupu.

Kazi hii alijifunza kwa video. Ile sehemu ya kuweka sauti nje ya kontena aliiruka, akiokoa bando. Kumbe sauti zote zilikuwa ndani ya lile alilofuta. Akawaandikia wenye seva. Wakajibu kwa adabu kwamba hakuwahi kuomba nakala, basi hawana.

Simu ikalia. "Niko mupakani. Inafunguka?"

"Dada, nimeifuta. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Malori yalisikika yakinguruma.

"Wewe ulisikia alisema nini?"

"Nilikaa nje."

"Alipotoka, uso ulikuwa namna gani?"

"Alikuwa anafuta machozi."

"Ya hasira ao ya huruma?"

Neno la kumtuliza lilikuwa karibu kabisa. Syahuka alilimeza.

"Sijui, dada."

Jeanine alivuka. Wadogo zake hawakumfungulia. Mama alizikwa yeye akiwa amesimama kwa jirani. Alirudi Hamukungu, anakausha samaki, na simu ya Syahuka haipokei. Wazee wengine arobaini walipoteza sauti zao siku ile. Wanane walirudi kurekodi upya, watatu wengine walikuwa wameshafariki. Tovuti ilifungwa Desemba. Tonny alipata kazi Kampala. Syahuka anatengeneza simu Muhokya.