Majina Mawili, Joto Moja

King'ora cha moto kilipolia katika chumba cha mayai, Fundi Kompyuta alikuwa anaoga. Hilo ndilo jina alilobandikwa nyumbani, nusu sifa, nusu kejeli. Alitoka mbio uani na taulo kiunoni, povu la sabuni likimwingia machoni, maana alijua kilichokuwa mle ndani.

Chumba hicho kilikuwa roho ya mama yake. Kideri kilikuwa kimefagia kuku wake wote, mbegu aliyoichagua na kuitunza tangu alipoolewa, kikamwachia trei tatu za mayai ndani ya mashine ya kutotolesha. Hakukuwa na mengine popote. Asubuhi hiyo vifaranga walikuwa wameanza kulia ndani ya maganda, na mama, aliyekuwa amekesha akiwalinda, alikubali kwa shida kwenda kujinyoosha.

"Lala, Mama," mwanawe alimwambia. "Programu yangu haisinzii."

Angetulia hapo, tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini kiherehere hakina dawa. Alitaka kujua feni ingefanya nini joto likizidi, akaandika jaribio. Viwango vya joto la mashine vilikaa kwenye orodha moja ndani ya programu, na mashine ilivisoma humo kila mara na kuvifuata. Orodha hiyo aliiita "halisi." Akaandika kwamba "nakala" ni sawa na "halisi," akaikabidhi "nakala" kwa lile jaribio, lipandishe joto litakavyo. Akaenda kuoga, roho kwatu.

Masikini wa Mungu! Hakuwa ametoa nakala yoyote. Lugha ile ya kompyuta, ukiiambia hivyo, haitengenezi orodha ya pili. Inaipa ile ile jina la pili. Bibi mmoja huitwa Bibi na wajukuu, Shangazi na wapwa. Mmwagie maji Shangazi uone kama Bibi atabaki mkavu. Kijana alifundishwa hayo darasani, akayasahau siku ya kuhitajika.

Alipofungua mlango joto lilimpiga usoni. Aling'oa waya ukutani, akatoa trei nje, akalivua taulo na kuyapepea mayai bila kujali nani anamwona.

"Lieni, jamani," aliyabembeleza. "Lieni hata kidogo."

Alibandika sikio kwenye yai moja, kisha jingine, kisha jingine. Kimya. Akajifunga tena taulo.

Mama alitokea akiwa pekupeku. Aliketi chini, akaanza kuyasikiliza yeye mwenyewe, kila yai sikioni, kisha mapajani, polepole, kama anayeogopa kulifikia la mwisho. Akalifikia.

"Mama, nipige," kijana alisema. "Nitukane. Sema chochote."

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa najaribu tu, Mama. Wallahi nilidhani najaribia nakala, siyo yenyewe."

Mama aliinua uso, na macho yake, yaliyokuwa yamezimika, yakapata uhai.

"Kumbe kuna nakala?" Alikuwa tayari anainuka, akiyaweka yale mayai kando. "Sasa unalia nini, mwanangu? Nipeleke ziliko."