Hatuna Mwanamke, Mama

Kwenye chumba cha mifupa ya maiti wasiotambuliwa walimwita Dada Rula, kwa kuwa rula haikumtoka mfukoni. Asubuhi moja alikuwa akipanga upya masanduku ya zamani, akafungua moja lililoandikwa: “Mwanamume. Ovaroli, buti.” Akatandaza mifupa mezani, akaanza na nyonga. Alitia kidole gumba kwenye lile pengo la nyuma. Kidole kikacheza, kwa mwanamume kingebana. Kwa mbele, chini ya kinena, pembe ilikuwa pana. Alipima mara tatu. Huyu alikuwa mwanamke.

Ripoti ya sanduku hilo ilikuwa ya miaka miwili iliyopita, na sahihi ilikuwa ya mkuu wake.

Hasira zilimpanda hadi masikio yakamwaka. Miaka yote hiyo miwili mama mmoja alikuwa akija mapokezi kumuulizia bintiye, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyetoka kazini na ovaroli yake asifike nyumbani. Kila mara alijibiwa, “Hatuna mwanamke, mama.” Mara ya mwisho aliyemjibu hivyo alikuwa Dada Rula mwenyewe.

Aliubeba ule mfupa hadi ofisini kwa mkuu.

“Mzee, hii nyonga uliitazama?”

“Alikutwa na ovaroli. Na mikono ile umeiona, misuli ilivyoacha alama kwenye mfupa? Lile dume.”

“Alikuwa ananyanyua vyuma kutwa. Mkono umekuonyesha kazi yake tu. Jinsia iko hapa.”

Mkuu akavua miwani. “Punguza sauti, mwanangu. Tuandike ‘haikubainika’, tufunike kombe.”

“Mimi si mwanao, ni mtaalamu mwenzako. Utaandika mwanamke, au nitaandika mimi na kutaja nani alikosea.”

“Unanipanda kichwani sasa.”

“Nakupanda, ndiyo.”

Alisimama palepale mpaka mkuu akasaini.

Wiki iliyofuata meno yalilinganishwa na kadi ya binti huyo ya kliniki ya meno, yakaoana. Mama aliitwa. Dada Rula alimweleza yote, hata lile jibu lake mwenyewe, bila kujitetea, akaomba msamaha.

“Kwa hiyo kila nilipokuja alikuwa humu,” mama alisema.

“Chumba cha pili kutoka mapokezi.”

“Mtu mzima na digrii zake, akashindwa na suruali.” Mama alikaza mtandio. “Niitie huyo mzee.”

Mkuu alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma.

“Nitamngoja,” mama alisema, akaketi. Dada Rula akavuta kiti, akaketi naye. Hakuomba msamaha mara ya pili. Aliona ungekuwa mzigo mwingine wa kumtwisha.

Mkuu alirudi saa tisa alasiri, akidhani njia nyeupe. Akaanza na pole, na mapenzi ya Mungu. Mama hakumpandishia sauti. Alimwomba kitu kimoja tu: amtaje bintiye kwa jina.

Ikabidi mkuu aende kulitafuta kwenye faili.