Mashine Iliyobaki Moja

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Watu wote waliomjua, kuanzia mama yake mzazi hadi mlinzi wa getini kazini, walimwita Tuone, na wala si kwamba alibandikwa na mtu mwenye chuki naye. Jina alijipa mwenyewe kwa kinywa chake. Ukimuuliza atakunywa chai au kahawa, tuone kwanza. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani aone kwanza. Alikuwa mtunza stoo ya dawa hospitalini, na huko tabia hiyo ilimjengea heshima, kwa sababu hakuna chupa iliyotoka mikononi mwake kabla hajaigeuza pande zote na kusoma tarehe ya kuisha muda. Balaa ni kwamba jioni alirudi nyumbani na stoo kichwani.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa amesimama katika duka la vifaa vya umeme, mikono nyuma, akiikagua mashine ya gemu iliyokuwa juu ya rafu. Alivyoikodolea macho, ungedhani anaombwa aioe.

Pembeni yake alisimama mwanamke aliyefundisha udereva, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa mchumba wake Tuone. Niseme vizuri: alikuwa mchumba wake kwa muda mrefu kiasi kwamba pete ilikwisha kumbana kidole, akaipeleka kwa sonara ikapanuliwa. Mama yake Tuone alimwita mkwe, dada yake alimwita wifi, na watoto wa dada walimwita mke wa mjomba, na baadhi ya watoto hao sasa walikuwa wanaota ndevu. Kwa ufupi, ukoo mzima ulikuwa umeshamuoa isipokuwa bwana harusi.

Na mashine za gemu zilikuwa na historia nao. Walikutana wakiwa vijana wasio na mbele wala nyuma, katika ukumbi wa gemu, kwenye benchi moja, wakilipia kwa zamu. Mchezo ulikuwa wa mbio za magari. Mwalimu, ambaye siku hizo hakuwa bado mwalimu wa chochote, alimfunga Tuone, akamfunga tena, mpaka waliokuwa wakisubiri zamu zao wakaanza kumwonea huruma. Sababu kila mtu aliiona: Tuone alibonyeza breki kabla ya kila kona, na mara nyingine hata barabara ikiwa imenyooka, ili kujihadhari tu. Walipotoka nje akamwambia, "Siku tukiwa na kwetu, tutanunua mashine yetu wenyewe, na hapo ndipo nitakapokufunga." Msichana hakujali kitu kuhusu kufungwa. Alichokwenda nacho nyumbani ni kwamba watakuwa na kwao.

Basi mashine mpya ikatoka, na Tuone akasema bei ya mwanzo ni ya wenye papara. Bei ikashuka, akasikia mashine nyembamba zaidi inakuja. Nyembamba ikaja, akasikia inapata joto. Joto likarekebishwa, akasikia itatoka yenye nafasi kubwa zaidi. Harusi nayo ilifuata njia hiyohiyo. Ilingoja nyumba iezekwe, ikaezekwa. Ikangoja sakafu, kisha rangi, kisha rangi ikauke, kisha dada mtu ajifungue, kisha mtoto aanze kutembea. Sasa nyumba ilikuwa imekamilika kila kona, na sebuleni, ukutani, palikuwa na soketi ambayo fundi aliiweka maalumu kwa ajili ya mashine. Tuone aliifuta vumbi kila Ijumaa.

Wiki hiyo mambo yalikuwa yamebadilika. Mwenye shule ya udereva alikuwa anafungua tawi katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari, na alimtaka Mwalimu akalisimamie, apewe na nyumba hukohuko. Jibu lilitakiwa Jumamosi, kabla ofisi haijafungwa mchana. Mwalimu alimweleza Tuone bila kuzunguka.

"Nikipata sababu ya kubaki, nabaki," alimwambia. "Na sababu nataka kuisikia kwako."

Tuone alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa uzito unaostahili. "Jambo kubwa hilo. Tuone kwanza. Jumamosi tukamalize hili la mashine, maana limekaa sana, halafu tutulie tulizungumze hilo lako."

Hivyo ndivyo walivyofika dukani. Walikuja na gari la shule, lenye breki mbili: moja ya dereva, na nyingine upande wa abiria, anapokaa mwalimu, ya kuokoa roho za watu mwanafunzi akichanganyikiwa. Mwalimu alipoendesha mwenyewe, Tuone ndiye aliyekaa kiti hicho, na mguu wake haukutulia. Akiona lori kwa mbali, anakanyaga. Akiona kuku anafikiria kuvuka, anakanyaga. Asubuhi hiyo walisimama ghafla katikati ya barabara isiyo na kitu, wenye magari nyuma wakawamwagia matusi, na Mwalimu akaliwasha gari tena, akaendelea. Alikuwa amezoea, au ndivyo Tuone alivyodhani.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema muuza duka, mtu mnene aliyepandisha miwani kwenye paji la uso. Alimjua Tuone vizuri. Alianza kumwonyesha mashine hiyo kabla nywele zake mwenyewe hazijaingia mvi. "Ikitoka hii, siagizi nyingine. Mpya iko njiani, watu wameshaanza kuiulizia."

"Mpya inakuja lini?"

"Karibuni."

"Sasa karibuni ni lini?"

"Kaka, ningekuwa nayajua ya mbele, ningekaa hapa kuuza nyaya?"

Tuone alimgeukia mchumba wake na kukohoa kidogo, kama alivyofanya kazini kabla ya kuwaelekeza wauguzi. "Unaona, hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakikimbilia kitu kikiwa kipya, kinang'aa, kila mtu anakitaka. Mimi hapana. Mimi nakiacha kikae. Kikishakaa, kasoro zake zote zinajulikana, mbwembwe zimeisha, na hakuna tena wa kukigombania. Hapo unakuja taratibu, unakichukua kwa bei ya kutupa."

"Hakuna wa kukigombania," Mwalimu alirudia.

"Hayupo!"

"Na mimi ndivyo ulivyonipigia hesabu?"

Tuone alicheka mpaka akashika kaunta. Muuza duka hakucheka. Aliishusha miwani yake machoni, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi tangu asubuhi.

"Wewe na utani wako," alisema Tuone akijifuta machozi. "Ila sasa kuna upande wa pili. Kitu kikiwa mwishoni mwa siku zake, unakichukua leo, kesho kimepitwa na wakati. Vipuri utavipata wapi? Gemu mpya hawatakitengenezea. Kule stoo, dawa iliyokaribia kuisha muda siipokei, hata wakinipa bure."

"Huipokei."

"Hata bure."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye, kwa macho yale aliyowatazamia wanafunzi kabla hawajatia gia. "Unawajua wanafunzi ninaowafelisha? Si wa mwendo kasi. Hao unawafokea, wanapunguza. Ninaowafelisha ni wale wanaofika njia panda, wakasubiri barabara iwe tupu kabisa ndipo waingie. Nyuma foleni, honi, watu wamechelewa kazini, na yeye kakaa anasubiri."

"Lakini hao hawapati ajali," alisema Tuone.

"Hawapati ajali," Mwalimu alikubali. "Na hawafiki."

Tuone aliona hilo ni wazo la kupendeza, akakusudia kulifikiria siku nyingine. Kwa sasa alikumbuka kwamba kulikuwa na duka jingine pale kona. "Nakuja sasa hivi. Nikaangalie, isije kuwa wana bei nzuri zaidi, tukaja kujilaumu."

"Tuone."

"Naam."

"Huko uendako, fikiria na lile lingine."

"Lipi tena?"

Mwalimu alivuta pumzi. "Nenda kaangalie bei."

Duka la kona halikuwa na mashine yoyote. Liliuza majiko na pasi. Tuone alisimama nje, chini ya kijivuli chembamba cha bati, akatoa simu asome watu wanasemaje. Mmoja alisema nunua ya zamani. Mwingine akasema mwenye akili anangoja mpya. Wa tatu aliwatukana wote wawili. Na hapo, katikati ya matusi ya watu asiowajua, uamuzi ukamshukia. Aliiona sebule yake, soketi ile imepata kazi, na wawili wao kwenye kochi, Mwalimu kakunja miguu, kaegemea bega lake, anamfunga tena na tena. Alitamani jambo hilo kiasi cha kuogopa. Akageuka akarudi mbiombio, na Tuone hakuwa mtu wa mbiombio.

Kwenye rafu palibaki mraba usio na vumbi.

"Iko wapi?"

"Imenunuliwa," alisema muuza duka.

"Na nani? Si nilikuwa nimeishika?"

"Uliishika kwa macho, kaka. Kanunua yule uliyekuja naye."

Moyo wake uliruka kwa furaha. Mke huyo! alijisemea, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, ingawa kimoyomoyo. Alitoka nje akicheka peke yake.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Mwalimu alikuwa kwenye usukani, na katika kiti cha abiria, kile chenye breki ya pili, lilikaa sanduku la mashine, limefungwa mkanda.

"Umeniwahi!" Tuone aliinama dirishani akihema. "Na mimi nimeshaamua! Pale kona, sasa hivi!"

Mwalimu alizima gari. Jambo hilo Tuone alilikumbuka sana baadaye, kwamba gari lilikuwa linanguruma na yeye akalizima. Uso wake ulilainika, ukawa ule wa msichana wa kwenye benchi.

"Umeamua? Umeamua nini, hasa?"

"Hii hii ya zamani!" alisema Tuone. "Ile mpya tutaiacha ikomae kwanza. Na hata pale kona nimeona, hawana kitu, wanauza majiko."

Mwalimu alichukua simu, akaiweka sikioni huku bado anamtazama.

"Mzee, shikamoo. Ni mimi. Ndiyo, nimeamua. Naja. Jumatatu asubuhi nitakuwa huko. Haya, ahsante."

"Jumatatu?" alisema Tuone. "Lakini si tulisema tutalizungumza?"

"Ulisema. Mimi nilikuwa nasubiri."

"Na mashine?" Lilimtoka tu, na hata yeye aliona aibu.

"Naenda nayo. Nyumba wanayonipa ina sebule."

Tuone alishika kitasa cha mlango wa abiria, maana hakujua ashike nini kingine. "Ngoja basi nilitoe sanduku nikae, twende tukizungumza njiani."

"Liache hapo. Halina miguu." Mwalimu alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko angefokewa. "Leo nataka kufika bila mtu kunikanyagia breki, Tuone. Leo tu nijaribu nione inakuwaje."

Kisha akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akatoa kipaketi kidogo, akampa dirishani. Ilikuwa rimoti ya kuchezea, ya pili, ile ambayo mtu hununua akiwa na wa kucheza naye.

"Muuza duka aliniuliza kama naihitaji," alisema. "Nikaona nisikuhukumu kabla hujarudi. Kaa nayo. Ukishamaliza kuona, njoo nayo."

Akaliwasha gari, akawasha taa ya kuashiria, na kwenye njia panda ya mbele ya duka, kati ya lori la mchanga na pikipiki mbili, akaingia barabarani. Hakungoja iwe tupu. Hakuna aliyempigia honi.

Tuone alibaki ukingoni mwa barabara na kipaketi mkononi. Alijua kabisa kilichompata, na katika stoo yake nzima hapakuwa na kidonge chake. Alipaswa kukimbia. Alipaswa kusimamisha pikipiki yoyote, aseme mfuate yule. Badala yake vidole vyake, kwa mazoea ya miaka, vilianza kukigeuza kipaketi pande zote, vikitafuta maandishi madogo. Aliyasoma yote. Kisha akarudi dukani.

"Samahani," alisema, na sauti yake haikuwa sawa. "Hii, ile mashine mpya ikija... itafanya kazi nayo?"

Muuza duka alipandisha miwani kwenye paji la uso, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Hapana, kaka," alisema. "Hiyo inafanya kazi na ile aliyoondoka nayo tu."