Matone Matatu ya Aidini

…bluu-nyeusi, anasema Griffin, na Mitchel naye anasema bluu-nyeusi, na mdomo wangu unasema bluu-nyeusi kabla sijaupa ruhusa, kwa kuwa ndivyo nilivyoandika, swali la kwanza, sehemu ya pili, alama nne, rangi inageuka kutoka kahawia kuwa bluu-nyeusi, kwa hivyo wanga upo, na sote tumekubaliana, Edah Osundwa amekubaliana na darasa, ila haikugeuka, neli ya kioo ilikuwa mkononi mwangu, nilidondosha aidini tone la kwanza, la pili, la tatu, nikatikisa, nikaiinua kuelekea dirishani na ilikuwa kahawia, kahawia ya chai iliyochujwa mara mbili, nikaiangalia nayo ikaniangalia… tumesimama nyuma ya maabara kando ya tangi la maji, tumetoka dakika tatu zilizopita, Baiolojia karatasi ya tatu, ile ya vitendo, imekwisha, wengine wameshakimbilia jikoni na sisi wanne tumebaki kujisahihisha, na kupitia dirisha lisilo na kioo namwona Bwana Erastus, msimamizi aliyeletwa kutoka shule nyingine ili asituonee huruma, anahesabu karatasi zetu, analamba kidole, anahesabu, thelathini na saba, anasema, na polisi aliyeketi mlangoni na bunduki mapajani anamwambia, mwalimu, si walikuwa thelathini na wanane, basi anaanza upya, moja, mbili, bahasha iko mezani mdomo wazi, na karatasi yangu iko mle katikati, hatua thelathini kutoka nilipo, haijafungwa, mpaka bahasha ifungwe bado ni yangu, najiambia, ingawa kanuni aliyotusomea asubuhi, akiisoma kama neno la Mungu ila polepole zaidi, inasema ikishatoka mkononi si yako tena, huruhusiwi kuigusa, kuiomba wala kuashiria kwamba unaifahamu…

Hapo tumeanza vizuri, anasema Griffin, alama nne mfukoni, kidole chake cha kwanza kimesimama kwa swali la kwanza na viwili vinangoja zamu, kwao ni Malinya, kwenye mapigano ya mafahali, na anatangaza majibu kama wanavyotangaza fahali aliyeshinda, bado ngoma za isukuti tu, tunamwita Daktari na haoni kama ni utani, Mitchel ameshika kiuno, anacheka, anasema mimi hiyo bluu-nyeusi naiotanga mpaka usingizini, na ni kweli, sote tunaiota, Mwalimu Jairus alitufanya tuiote, aidini ya shule iliisha tukiwa kidato cha pili, akaandika barua kuomba nyingine, ofisi ikamjibu ikitaka aeleze ile iliyopita ilitumikaje, akaeleza kwamba ilidondoshwa kwenye viazi, ofisi ikajibu ikiomba orodha ya viazi, nakala tatu, na wakati barua zinasafiri akachukua chupa ileile yenye lebo ileile akaijaza chai ya rangi, tukawa tunadondosha chai kwenye kiazi, tunaimba pamoja, kahawia kwenda bluu-nyeusi, wanga upo, kiazi kimekaa pale na chai yake hakina habari, sisi tunaandika bluu-nyeusi kwa wino mzuri, na yeye anatupa alama zote, miaka miwili, hatukuwahi kukosa, maabara yetu haikuwahi kufeli jaribio hata moja… na leo aidini ya kweli imekuja, imelindwa na bunduki tangu saa moja asubuhi, mtu angedhani ni dhahabu ya Ikolomani, nikaidondosha, ikabaki kahawia, nikaandika inabaki kahawia, ndiyo, niliandika, kwa mkono huu, maneno mawili, kisha zikabaki dakika tano na Bwana Erastus akasema dakika tano, na ule wimbo ukaanza kichwani, thelathini na wanane tukiimba, nikajiambia Edah wewe ni nani, aidini itakuwa imezeeka njiani, au mkono wako ulitetemeka, nikachukua rula nikakata, mstari mmoja, nadhifu, kama tulivyofundishwa, na juu yake nikaandika bluu-nyeusi, na labda nilifanya vizuri, labda ndiyo hiyo, watu wote hawawezi kukosea pamoja, Mungu wangu, naomba wote tuwe sawa, C plus tu, chuo cha uuguzi kinataka C plus ya Baiolojia, kwenye mtihani wa majaribio nilipata C peke yake, alama nne ndizo ile plus…

Ya kwangu ilikataa, anasema Gentrix.

Anaisema chini, akifunga kamba ya kiatu, Gentrix wa Shinyalu, ambaye hutoka kwao alfajiri akapita njia ya msituni na kufika na matope mpaka kwenye soksi, wa thelathini na nane kati ya thelathini na wanane, kila muhula, bila kukosa, Griffin anamgeukia kwa furaha, fahali amepata wa kupiga pembe, ilikataaje, anasema, Gentu, kitu inakatalianga wapi, nilitia matone matatu ikakaa tu vile ilikuwa, anasema Gentrix, nikaandika imekaa vile ilikuwa, Mitchel anaweka mkono mdomoni, Griffin anainamia magoti yake akicheka, woi, alama nne amewarudishia, Gentu, ulitia aidini ama ulitema mate mle ndani…

mate…

ngoja, mate, kwa nini mate… swali lilisema kimiminika N, halikusema ni nini, chukua uji wa wanga, tia kimiminika N, weka neli kwenye maji ya vuguvugu dakika thelathini, ndipo utie aidini, dakika thelathini, tulikaa tukiitazama kama kuku anayeatamia, kwani nani huketi kupasha maji nusu saa ili kuona wanga ambao ameutia mwenyewe kwa mkono wake, wanga unajulikana upo, uliwekwa, swali halikuwa kama upo, swali lilikuwa kama bado upo… na joto lilikuwa la mwili, walisema thelathini na saba, niliona namba ile nikadhani ni namba tu… na kukhu, nyanya yangu, yuko jikoni kwetu, moshi machoni, amenimegea obusuma peke yake bila mboga kwa kuwa nimelia kwamba mboga ni chungu, ananiambia tafuna, usimeze, tafuna tu, hesabu mpaka hamsini, na mimi nina miaka sita natafuna, na kwenye arobaini na kitu ule ugali unakuwa mtamu, mtamu wa kweli, kama miwa ya Butere, nafungua macho, anacheka, ona, mdomo wako unapika sukari, hujui, alijua, hakuvuka darasa la tatu na alijua, mate yanakula wanga yanaacha sukari, kimeng'enya, kipo kwenye kitabu ukurasa wenye doa la mafuta, N ni kimeng'enya, wanga uliliwa wote, aidini haikupata cha kugeuza, ilipaswa kubaki kahawia, ilibaki kahawia, ilikuwa sawa, nilikuwa sawa, na nikakata kwa rula…

Thelathini na nane, anasema Bwana Erastus mle ndani, polisi anasema haya sasa, na Bwana Erastus, ambaye hesabu yake imekubali, anaihesabu mara ya tatu ili isije ikabadili mawazo… nikikimbia sasa, hatua thelathini, mwalimu samahani, nimeacha rula, rula iko chini ya meza, lakini rula ninayo, iko mkononi, nimeishika wakati wote huu, na hata nikifika nitasema nini, naomba kuirudishia karatasi yangu kile nilichokiona, hakuna fomu ya hivyo, kuna fomu ya mtahiniwa mgonjwa, kuna ya mtahiniwa aliyefiwa, kuna ya mtahiniwa anayejifungua katikati ya swali, nilisikia akizitaja asubuhi, hakuna ya mtahiniwa aliyeona akaandika asichoona, na kazi iliyokatwa haisahihishwi, hiyo nayo ni kanuni, msahihishaji ataisoma, mstari mmoja hauzuii macho, ataona inabaki kahawia, ataona bluu-nyeusi juu yake, atajua kabisa nilichofanya, mtu nisiyemjua, mji nisioujua, atajua, ataweka sifuri na kugeuza ukurasa…

Tukienda swali la pili, anasema Griffin, lakini Mitchel bado hajamalizana na Gentrix, anamwambia kwa upole sasa, Gentu, si Mwalimu alitufundishanga, aidini ni bluu-nyeusi, hata ikikataa wewe andika, na Gentrix anasema alitufundisha na chai, mimi nilimwambia, na kweli alimwambia, nilikuwepo, kidato cha tatu, alinyoosha mkono akasema mwalimu lakini hii haijageuka, darasa likaangua kicheko, mimi nikicheka nao, na Mwalimu Jairus, mtu mwema, aliyechoka, akasema Gentrix, mtihani hautaki macho, unataka majibu, na tukaliandika hilo pia…

thelathini na sita nukta nane… sitaki kuifikiria hiyo, si sasa… thelathini na sita nukta nane, wodi ya wanawake, kitanda cha nne kutoka mlangoni, nina miaka kumi na mitatu na nimeketi na kukhu kwa kuwa mama anavuna, na muuguzi anapita na kalamu, kipimajoto kiko mfukoni mwake, nakiona kichwa chake kinachungulia, hakitoki, anafika kitandani anaandika, anaenda cha pili anaandika, cha tatu, cha nne, thelathini na sita nukta nane, thelathini na sita nukta nane, wodi nzima ina joto moja kama soda kwenye kreti, na mimi kiganja changu kiko kwenye paji la kukhu na kinaungua, nikasema sista, yuko moto, akatazama karatasi, si kukhu, karatasi, akasema mtoto, hapa imeandikwa yuko sawa, na alikuwa amechoka, nilimwona miguu imevimba juu ya viatu, hakuwa mbaya, alikuwa na vitanda arobaini na alijua kinachopaswa kuandikwa… kukhu alikufa Alhamisi akiwa na joto la kawaida kabisa, imeandikwa, faili ipo… na siku hiyo ndipo niliposema nitakuwa muuguzi, nilimwambia mama kwenye matanga, nilisema kwa sauti watu wakasikia, nitakitoa kipimajoto mfukoni, hilo tu, sikuahidi kuponya mtu, niliahidi kutazama, na leo, siku ya kwanza kabisa maishani nilipopewa kitu cha kutazama, kikiwa na namba yake na mahali pa kuandika, nilitazama, nikaona, nikaandika thelathini na sita nukta nane…

kwa hiyo si C plus, plus inaweza kwenda zake, naona hilo sasa hivi nikiwa nimesimama hapa na rula, hofu ya plus imetoka kama jino na mahali pake pana kitu kingine, kibaya zaidi, kwamba ninaweza kuipata, kwamba maswali mengine yanaweza kunibeba, nikapewa kofia na kalamu na vitanda arobaini, na hakuna atakayejua…

Bwana Erastus amelamba gundi ya bahasha, anaibonyeza kwa kiganja kutoka kona hii mpaka ile, anatia sahihi juu ya mfungo, polisi anatia sahihi, Bwana Erastus anatia tena kwa kuwa kuna mistari mitatu na wao ni wawili, imefungwa, tangi linadondosha maji kwenye ndoo iliyojaa tangu asubuhi, mawingu yamekaa juu ya msitu, na Griffin amemwekea Gentrix mkono begani, anasema usijali Gentu, kilimo nacho kinataka watu, na Gentrix anaitikia kwa kichwa, polepole, anaanza kuamini, namwona kabisa anavyoanza kuamini kwamba macho yake ndiyo mabovu, ile sura ninaijua, niliivaa mwenyewe leo, dakika tano kabla ya mwisho wa mtihani…

Hata yangu haikugeuka, nasema.

Haitoki kwa sauti niliyoitarajia, inatoka kama ya mtu anayeuliza bei, Griffin anasema nini, nasema yangu haikugeuka, ilibaki kahawia, N ni kimeng'enya, kilikula wanga, Gentu yuko sawa, na Griffin anaanza kucheka lakini kicheko hakimaliziki, ananitazama, nami ni wa pili darasani, mtu wa pili hafanyiwi mzaha wa mate, anasema kwa hivyo wewe uliandika kahawia, na hapo ningeweza, ee Mungu, ningeweza kusema ndiyo, bahasha imefungwa, nani atajua, ningesimama na Gentrix hapa kando ya tangi tukiwa wawili wenye macho… niliandika, nasema, kisha nikakata. Kwa rula. Nikaandika bluu-nyeusi.

Gentrix ameacha kamba ya kiatu ikining'inia, Griffin anatazama kidole chake cha kwanza ambacho bado kimesimama na hajui akiweke wapi, na Mitchel, ambaye hiyo rangi huiota mpaka usingizini, anashusha mkono kutoka mdomoni, anatazama dirishani mahali bahasha ilipo, ananitazama mimi, na kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake ananiuliza, hata wewe uliiona kahawia…