Mgongo Wangu Ndani ya Injini

Jana, kichwa kugusa mto tu, nikaota naomba kazi ndani ya injini ya dizeli ya mashine yetu ya kukoboa mpunga, hapa Igurusi. Mimi ndiye fundi wake, na nililala na hasira: bosi, Mzee Mwakalobo, aliapa kukata waya wa sensa, kile kifaa cha kupimia presha ya oili, eti taa yake inamkera. Injini ikikauka oili imekufa, na msimu wetu umekufa nayo.

Nafasi ni ya kiwambo, kile kibati chembamba ndani ya sensa. Injini yenyewe inanihoji.

"Una uzoefu wa kusukumwa?"

"Nina mawifi watano."

"Umepata kazi."

Oili inakuja kuniegemea mgongoni. Ikisukuma, nabonyea kiasi cha unywele. Mbele yangu kakaa kompyuta, karani mwenye miwani, anapima kwa umeme nilivyobonyea.

"Unasemaje?"

"Nusu volti."

"Kwa hiyo hakuna presha."

"Hakuna, ila mimi nipo. Ukisikia kimya kabisa, ujue waya umekatika."

Injini inawaka. Nabonyea vizuri, nasema volti mbili na nusu, na naona fahari tele. Chuma chote kile kinanguruma kwa neno langu mimi, Tusekile.

Ghafla tuko kanisani, nimesimama na waimbaji wa sauti ya pili. Bosi anaingia na koleo. Oili imepungua mgongoni. Nimeshuka hadi volti moja.

"Fundi, sema tatu," ananong'ona. "Wateja wako foleni."

"Shikamoo, bosi. Sisemi ninachotaka, nasema nilivyobonyea."

"Binti mkaidi wewe."

Anakata waya. Kompyuta anavua miwani, anasimama.

"Huyu hajaishiwa presha," anasema. "Huyu kazibwa mdomo."

Anazima injini. Kwaya inakaa chini.

Niliamshwa na hodi. Bosi alikuwa mlangoni, koleo mkononi, mpole ajabu.

"Fundi, nimewasha injini alfajiri, nikakata ule waya. Kompyuta yake ikaizima papo hapo. Kuchungulia chini, oili yote iko sakafuni. Ingezunguka kidogo tu zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

"Nilikwambia, bosi."

"Uliniambia. Kuanzia leo haguswi mtu hiyo injini mpaka wewe useme. Yaani asiiguse mtu."

Moyo ukanijaa. Akanipiga kiganja mgongoni, kama anavyowapongeza mafundi wanaume. Mgongo ukabonyea kidogo, ukarudi kwa mlio wa bati.

Bosi akakitazama kiganja chake.